Kwa Mtani Wangu Uliyefungwa kwa Maneno ya Msibani

Mpendwa mtani,

Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara naishia kwenye salamu. Sijui nikusalimie vipi. Zamani hatukuwa na habari ya kusalimiana, tulikuwa tunatukanana, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Ukinikuta barazani kwa shangazi pale Kilosa, nimeinamia cherehani, hukuwa unaniuliza nimeamkaje. Ulikuwa unasema, "Msagara, bado hamjashuka milimani tu?" Na mimi nakujibu bila kuinua kichwa, "Tushuke kumfuata nani? Mnyamwezi aliyeshindwa kumaliza safari?" Maana babu yako alikuja na mizigo ya watu kichwani akielekea pwani, akafika Kidete akachoka, akaoa hapo hapo, na baba yako akazaliwa kando ya reli na kufanya kazi kwenye reli. Wewe ulikuwa unabisha. Ulisema babu hakuchoka, ila alitegwa kwa ugali.

Tulijuana kwa sababu ya matundu ya suruali. Unakumbuka, Shabani? Kila baada ya wiki mbili ulikuwa unaniletea suruali ile ile ya kaki ina vitundu vidogo vidogo kuanzia magotini kwenda chini. Shangazi alidhani ni mende. Kumbe ulikuwa karani wa masjala ya siri katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na kila Ijumaa ulitakiwa kuchoma nyuma ya ofisi karatasi zote zilizoharibika na kaboni zilizotumika, usimame hapo hapo hadi ziwe majivu, kisha uyavuruge majivu kwa fimbo asije mtu akasoma hata neno moja. Cheche ndizo zilizokuwa zinakula suruali.

"Mnachoma nini?" nilikuuliza siku ya kwanza.

"Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Zilizoungua."

Zaidi ya hayo sikuwahi kupata kitu kwako kuhusu kazi yako. Ulikuwa mropokaji wa kila kitu duniani, wa nani kakopa kwenye duka la ushirika na nani kamkimbia mkewe, lakini ukishaingia lango la ofisi mdomo wako ulikuwa kaburi. Siku moja tu ndiyo uliniambia jambo, na hata hilo halikuwa siri. Uliniambia kwamba siku unaajiriwa ulishika Kurani, ukaapa, halafu ukasomewa sheria na kutia sahihi chini yake. Mtumishi akitoa alichokijua kwa kazi yake, kwa mdomo au kwa maandishi, akampa mtu asiyeruhusiwa, ni jela. Na anayepokea naye asijione yuko salama.

"Hata ukimwambia mkeo?" nilikuuliza, kwa sababu tayari tulikuwa tunaelekea huko.

"Hata mke."

"Na mtani je?"

Ulicheka mpaka shangazi akachungulia. Ukasema sheria ile waliitunga watu wasiokuwa na watani, maana neno hilo halimo kabisa. Na mimi nikacheka. Tulikuwa vijana, na nchi yenyewe ilikuwa bado kijana, kila mtu anaona kesho itakuwa nzuri kuliko jana.

Mama yangu alikupenda kabla sijamwambia kwamba mimi nakupenda. Nilikupeleka nyumbani Malolo mara ya kwanza kwa basi la kupitia Mikumi, kisha tukapanda kilima kwa miguu hadi kitongojini kwetu, na wewe njia nzima unalalamika kwamba Wasagara tumejificha huku kwa kuogopa kodi ya Mjerumani na hatujaambiwa kwamba ameshaondoka. Ulipofika hukukaa. Ulienda moja kwa moja jikoni, ukafunua chungu cha mama, ukachukua kipande cha muhogo na kusema, "Mama huyu akifa, chungu hiki changu." Baba alikohoa. Mama akakuangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akajibu, "Nikifa mimi, utanibeba wewe, na nitahakikisha nimenenepa kwanza." Kuanzia hapo kila nikienda nyumbani anauliza kwanza habari zako, ndipo anauliza zangu.

Wasiojua mambo yetu niwaeleze, maana barua hii najua itasomwa na wengine. Utani wa makabila kwetu si mchezo wa watoto. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Msibani ndipo anapoheshimika zaidi. Wafiwa wanapokuwa wamezidiwa na kilio, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu akamwigiza anavyotembea, anayejilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, anayesema maneno ambayo angeyasema mwingine angepigwa. Na hakuna anayemkasirikia. Watu wetu wanasema utani hauna kesi. Nimeisikia kauli hiyo tangu utotoni, na sikujua ingetufikisha wapi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, kila mahali ilikuwa ni maneno tu. Tulisikia kwenye redio ya balozi wa nyumba kumi kwamba watu wa sehemu nyingine wameshahama, wanakaa pamoja kwenye mistari, shule hapa na zahanati pale. Kwetu milimani hatukuwa tumeambiwa lolote. Wazee walisema sisi tuko mbali mno, watatusahau. Wewe wakati huo ulikuwa umekonda, na utani wako ulikuwa umepungua. Nilidhani ni mawazo ya mahari.

Ulikuja Malolo kwa ajili hiyo ya mahari, pamoja na mjomba wako, Ijumaa jioni. Mlimkuta mama yuko kitandani kwa homa siku ya tatu. Alfajiri ya Jumamosi akakata roho. Sikuandikii kilio changu, ulikiona. Hadi saa nne alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda, na vijana walikuwa wanachimba kaburi kule juu, ubavuni mwa babu, mahali wanapolala watu wetu wote.

Ndipo ulipotokea. Umejifunga kanga ya mama, umejitwika sufuria kichwani, unatembea ukiinamia upande wa kushoto kama alivyokuwa anatembea kwa ajili ya mguu wake mbovu. Watu wakaanza kucheka huku wanalia. Hata mimi niliyekuwa nimekaa na wanawake mlangoni nilijikuta natabasamu, na nilikushukuru moyoni. Jeneza lilipotolewa ukajilaza mbele yake, kwenye mavumbi ya uwanja, ukasema halipiti. Jirani mmoja akakurushia hindi. Ukalitupa. Baba mdogo akakupa kuku. Hukumtazama.

Ukasema, "Mnampeleka juu kufanya nini? Akawalindie nyani? Mwezi ujao ninyi nyote mko bondeni, ng'ambo ya kijito, pale penye barabara, mmepangwa mistari na mnachota maji pamoja. Huyu mama mnamwacha na nani? Mpelekeni sasa hivi akawashikie kiwanja."

Hakuna aliyecheka, Shabani. Ulikuwa bado umelala chini na sufuria imebingirika pembeni, na watu wote uwanjani walikuwa wanakumbuka unafanya kazi wapi. Ukayarudia maneno yale mara ya pili, polepole, unamwangalia baba usoni. Macho yako hayakuwa ya mtu anayetania. Baba akamvuta shehe na ndugu zake kando, wakazungumza kwa sauti ya chini, na waliporudi baba akawaambia wabebaji, "Tunashuka."

Kaburi lilikuwa juu, jeneza likashuka. Wanawake tulibaki nyumbani. Baba mdogo ndiye aliyetusimulia baadaye kwamba ulibeba tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, mwendo wa saa tatu, wenzako wanapokezana na wewe unakataa kupokewa, bega limechubuka hadi damu. Walimzika mama kabla ya magharibi kwenye pori tupu ng'ambo ya kijito, ambako hakukuwa na hata kibanda. Na lile kaburi la juu, kwa kuwa kaburi likishachimbwa haliachwi bure, wazee walikata mgomba wakauzika humo.

Wiki tatu baadaye wakaja watu wa kupima ardhi na minyororo yao na vigingi. Walitumwa kimyakimya kuandaa viwanja kabla ya tangazo. Mahali pa kwanza walipotaka kupigilia kigingi, wakakuta kaburi bichi. Mkuu wao akashangaa. Akauliza kaburi la nani, akaambiwa. Akauliza, watu wenye makaburi yao kilimani tangu enzi za mababu wamebebaje maiti saa tatu nzima hadi porini, na hasa pori hili. Baba mdogo alikuwa hapo. Alijibu kwa furaha, Mungu amrehemu, maana kwake ilikuwa hadithi nzuri ya kumsifia mkwe mtarajiwa. "Tuna mtani wetu Mnyamwezi, karani wa serikali huko Kilosa," alisema. "Yule kijana ana akili. Alitutania hadi tukahamisha maiti."

Yule mkuu akaandika jina lako, na baba mdogo akamsaidia kulitamka.

Walikukamata Jumanne, kazini. Nilipata habari kwa shangazi, kwamba umetolewa ofisini umefungwa pingu na kuna mtu ameachiwa funguo za kabati lako. Nilikimbia hadi kituoni na chakula, wakakipokea na mimi wakanirudisha. Kule kwetu nako mambo yaliharibika. Familia tatu zilizosikia maneno yako msibani zilikuwa zimeshavuka mto na vyombo vyao kwenda Iringa ili zisihamishwe. Wakubwa wakasema sasa siri imevuja hakuna haja ya kungoja, tangazo likaja mapema, na watu wakashushwa bondeni mahindi yakiwa mabichi shambani. Nyani walikula mavuno yale. Wapo waliomlaani baba kwa ajili yako, na wapo waliokulaani wewe moja kwa moja. Sikufichi hayo. Mwendesha mashtaka aliyasema pia, na kwa hilo hakusema uongo. Alisema siri ya serikali si mali ya karani aitoe anapoona huruma imemshika.

Mahakamani ulijitetea mwenyewe. Ulisimama kizimbani na suruali ile ile ya kaki, nikaviona viraka vyangu kutoka benchi la mashahidi. Ulisema kwa heshima, "Mheshimiwa, sikutoa siri. Nilikuwa msibani kwa watani zangu. Mtani husema lolote linalomjia mdomoni, na halichukuliwi kuwa taarifa."

Watu walinong'ona. Hakimu alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na hakukudharau. Alisema yeye mwenyewe ana watani na wamewahi kumvua viatu msibani kwa baba yake. Akasema kama maneno yale yalikuwa mzaha uliogonga ukweli kwa bahati, basi kuna shaka kama ulikusudia kutoa siri, na shaka ni haki ya mshtakiwa. Mimi, binti wa kijijini niliyesoma hadi darasa la saba, nililisikia hilo kwa masikio yangu. Nililisikia na sikulielewa.

Baba akaitwa. Baba yangu, ambaye hakuwahi kukosa sala na alitupiga kwa kosa la kusema uongo juu ya kipande cha sukari guru, alimwambia hakimu kwamba siku ile alikuwa na msiba, kichwa hakikuwa chake, aliona tu watu wanacheka. Akaulizwa kwa nini alihamisha maiti. Akajibu kwamba kilimani kuna mawe, kaburi lilikuwa gumu kuchimbika. Baba mdogo akaja akasema alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Niliwatazama nikaona aibu. Nilidhani wanaogopa. Nilidhani wanakutupa, wanakufanya uonekane mwehu aliyekuja kuchezea maiti ya mama yangu.

Kisha nikaitwa mimi. Nilikuwa nimejishonea gauni jipya kwa siku ile. Ndiyo, mtani, nilishona gauni, kwa kuwa niliamini tutatoka pale pamoja.

"Binti, marehemu alikuwa nani kwako?" hakimu akaniuliza.

"Mama yangu mzazi, Mheshimiwa."

"Uliyasikia maneno ya mshtakiwa?"

"Niliyasikia."

"Alikuwa anatania?"

Nilikutazama. Ulikuwa unanitazama, na uliinamisha kichwa kidogo sana, hivi, kama mtu anayekubali. Nikaona unaniomba nikutetee. Na kwangu kukutetea ilikuwa ni kuwaambia watu wale jinsi ulivyo mwema.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Hakuwa anatania. Alijua tutahamishwa na mama atabaki peke yake kule juu, akashindwa kunyamaza. Alituhurumia. Hata alipokuwa amelala pale chini, hakuna aliyecheka."

Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. Nilikuwa najivunia wewe.

Mwendesha mashtaka akainuka nusu, akasema, "Sina swali, Mheshimiwa," akakaa. Hakimu akaweka kalamu chini. Aliniangalia, si kwa ukali, akaniambia, "Asante, binti. Unaweza kushuka." Wewe ulikuwa umefumba macho. Na hapo hapo, kwenye ngazi mbili za kushuka kizimbani mwa mashahidi, ndipo nilipoelewa.

Miaka mitatu. Alisoma hukumu kwa utaratibu, akataja ushahidi wangu mara nne. Alisema siri haigeuki kuwa kitu kingine kwa sababu imetolewa kwa moyo mzuri, na kwamba huruma inapunguza adhabu lakini haifuti kosa. Alisema angeweza kukupa zaidi. Kazi ikaisha siku ile, na nyumba ya serikali uliyopewa, ambamo baba yako alikuwa anakaa akitibiwa kifua, ikabidi aiache ndani ya juma moja. Tulirudi Malolo kwa basi, mimi na baba, na gauni langu. Tulishuka Mikumi kungoja basi jingine. Hapo akaniuliza swali moja, naye alikuwa anaangalia barabara.

"Mwanangu, ni nani aliyekutuma ukaseme huruma?"

Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nami silipingi neno hilo. Lakini katika familia yetu yote siku ile, wacha Mungu wawili walisema uongo ili kukuokoa, na mimi mpenzi wako nilisema kweli nikakufunga.

Nilikuja gerezani mara moja. Askari alikwenda akarudi, akaniambia mfungwa amekataa mgeni. Akaongeza, kwa kunionea huruma, kwamba nawe ulikuwa umelia. Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Nilimwachia sabuni na shati, nikaondoka.

Ulipotoka hukurudi Kilosa. Nani angekuajiri? Kila fomu ilikuwa inauliza kama umewahi kufungwa na kwa kosa gani, na kosa lako lilikuwa ni lile ambalo hata mwenye duka akilisikia anapunguza sauti. Nilisikia uko Ruhembe, unakata miwa. Nilisikia umeoa. Na mimi niliolewa baadaye, na mtu mwema ambaye hakuniuliza ya nyuma, nikamzalia, na nikamzika.

Kisha tukakutana Mikumi, pale mabasi yanaposimama. Nilikuwa napeleka sare za shule nilizoshona, na wewe ulikuwa umesimama kando ya barabara na panga lako limeviringishwa kwenye gunia. Nywele zilikuwa zimeshaanza mvi. Nikakuita kama zamani, "Mnyamwezi! Bado hujafika pwani?" Watu waligeuka wakitabasamu, wakingoja utanijibu nini.

Ulinigeukia, ukavua kofia. "Habari za siku nyingi, dada," ukasema. "Wazima nyumbani?"

Dada. Uliniuliza habari za mvua na za watoto. Ulinipa pole kwa kifo cha baba, maneno yale yale ambayo mtu angempa mgeni yeyote. Nilishindwa kuvumilia, nikakuambia, "Mbona hunitanii?"

"Niliacha, dada," ulisema. "Kwanza niliogopa. Baadaye nikazoea."

Nikataka kukuomba msamaha hapo hapo, kati ya wauza mahindi na makondakta. Hukunipa nafasi. Ulisema, "Ulisema kweli. Siwezi kumlaumu mtu kwa kusema kweli." Basi lako likafika, ukapanda, ukanipungia mkono kwa adabu. Laiti ungenitukana. Nimeshayabeba mengi katika maisha yangu, lakini adabu ile imenishinda.

Nikuambie na lililo zuri, maana lipo. Makaburi ya juu yamemezwa na msitu. Babu, bibi, ndugu zangu wawili waliokufa wachanga, hakuna ajuaye tena wako wapi hasa. Watu wote kijijini wamewaacha wafu wao kule. Wapimaji walisogeza vigingi vyao hatua chache, na kaburi la mama likabaki katikati yetu, kati ya shule na nyumba ya shangazi wa balozi. Mimi peke yangu katika kijiji kizima naweza kwenda kumzuru mama na kurudi kabla chai haijapoa. Ni wewe uliyenipa hilo. Kila Ijumaa nikiwa nang'oa majani pale najua limelipiwa na nani.

Habari za kifo chako aliniletea kijana mmoja wa Ruhembe aliyekuwa anapita na mzigo. Nilifika asubuhi ya maziko. Mkeo alinipokea vizuri, hakujua mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mtani wake wa zamani. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Kumbe alikuwa na watani? Sisi hatujamsikia akitania hata siku moja. Watoto walikuwa wakicheka mezani anawaambia wanyamaze, neno halirudi likishatoka."

Jeneza lako likaletwa mlangoni. Mzee mmoja akauliza, kama inavyoulizwa, "Watani wake wako wapi?" Watu wakaangaliana. Hakuna aliyejitokeza. Nikainuka kati ya wanawake. Magoti yangu siku hizi ni ya kubembeleza, sikuweza kujilaza, lakini nilitembea hadi nikasimama mbele ya wabebaji, katikati ya njia. Nilikuwa na maneno, mtani. Nilikuwa nimeyatunga njia nzima ndani ya basi, maneno mabaya kabisa, ya kumfanya shehe ageukie ukutani. Nikafungua mdomo. Wote wakaniangalia, na mimi nikawa nimesimama tena mbele ya watu wanaongoja niseme jambo juu yako.

Halikutoka hata neno. Mwanao mkubwa alidhani ni kikongwe aliyezidiwa na huzuni. Akanishika mkono taratibu, akaniambia, "Bibi, tupishe tumpitishe baba."

Nikapisha.

Pumzika, Shabani. Sikuombi msamaha, ulishanipa, na sijui nifanye nao nini.

Ni mimi, mtani wako,
Mwanaidi